Alisema Amesikia

Maneno ya Kiingereza yanayohusu uongo nilifundishwa na Mcheki mmoja, na kichekesho ni kwamba mimi ndiye niliyeajiriwa nimsaidie yeye. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sabini, kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu, porini kati ya Kahama na Geita. Yeye alikuwa mtaalamu wa miamba. Mimi nilikuwa karani na mkalimani, msichana wa Ngokolo mwenye Kiingereza cha shule na mdomo usiojua kutulia. Kila mchana tukishakula alifungua kamusi yake ndogo ya Kiingereza na Kicheki, akachagua maneno ya ukoo mmoja. Wiki hiyo ilikuwa zamu ya uongo.

Akisema "liar", kwao ni lhář, nami nampa mwongo. "Cheat" kwao podvodník. Nikampa tapeli na mlaghai. "Hypocrite" ni pokrytec. Nikamtajia mnafiki na mzandiki, achague mwenyewe. Nikamfundisha hata kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, akacheka mpaka akapaliwa na chai.

Tulipofika kwenye "pretence", yaani kujifanya, hakucheka. Alisema kwa lugha yake, přetvářka, kisha akaelekeza kidevu kule wanakopasulia mawe. Akaniambia hilo ni neno la mdogo wangu.

Mdogo wangu alifanya kazi ya baruti chini yake. Mcheki akanieleza kwamba baruti ilikuwa imemmaliza masikio. Siku moja Mcheki alipiga filimbi watu wakimbie kabla mwamba haujapasuliwa, wote wakakimbia, mdogo wangu akabaki ameinama anafunga kamba ya kiatu, mpaka akaburutwa kwa ukosi wa shati. Tangu hapo Mcheki alimweka mbele yake, mahali ambapo angeona watu wakikimbia. Na mkubwa wa kambi alipouliza habari za vijana wa baruti, Mcheki alijibu kwamba wote wazima.

Nilipandwa na hasira, siwezi kuficha. Kijana tumenyonya ziwa moja, anafanya kazi na mauti, halafu ananifunga kamba mimi? Nikamfuata chumbani kwake. Akakana katakata. Ndipo nikaelewa kwa nini siku hizi alikuwa msemaji hivyo, ukikutana naye hakupi nafasi: anayesema mfululizo hana haja ya kusikiliza. Nikachukua sufuria, nikaibamiza sakafuni nyuma yake. Aliendelea kuongea tu. Nikaanza kulia. Alipogeuka mwenyewe akayaona machozi na sufuria, akanyamaza.

Alinisihi nisimwambie mtu. Kiziwi kwenye baruti hafiki jioni, anarudishwa kwao. Na alikuwa ameposa binti kule Nyahanga, na wakwe walimkubali kwa ajili ya kazi ile.

Haukupita muda ukapigwa mwano. Mwano ni ukelele wa hatari wa Wasukuma. Ng'ombe wakiibwa, aliyeona anaupiga, na kila mwanamume anayeusikia anaacha alichoshika, anachukua fimbo na kukimbilia unakotoka. Anayeusikia akabaki nyumbani, huyo ni mwenzao wezi. Hakuna mjadala.

Siku hiyo ulipigwa mchana kweupe. Wanaume walitoka mbio kijijini na kambini, wakapita nyuma ya chumba cha mdogo wangu. Yeye alikuwa uani, amewapa mgongo, anafua shati. Wezi hawakupatikana. Walinzi wa kijiji waliporudi na hasira zao, kuna mtu akawaambia nani aliyebaki anafua.

Nilipofika walikuwa wamemfunga mikono kwa nyuma, wamempigisha magoti uwanjani. Shati limechanika lote. Mgongo ulikuwa umefumuka, damu inashuka mpaka kwenye mkanda. Mkuu wao alisimama mbele yake na mjeledi, akamuuliza kama mwano aliusikia au hakuusikia. Mdogo wangu alimkazia macho mdomoni.

"Nimeusikia," akasema. "Nilikuwa nakuja."

Mjeledi ukashuka. Wakamuuliza tena, akajibu vilevile, ukashuka tena. Jamani, nimeona watu wakipigwa maishani mwangu, lakini sijaona mtu akijipigisha kwa mdomo wake namna ile. Nikajitupa mbele ya mkuu, nikamwamkia shikamoo baba kwa kilio, nikamwambia huyu hasikii, ni kiziwi. Akanizaba kofi nikala vumbi. Dada wa mwizi, akasema, atasema nini kingine.

Mdogo wangu aliniona. Alijua nimesema nini.

"Msimsikilize dada," akasema huku anatema damu. "Mimi nasikia vizuri."

Wakampiga mpaka akaanguka kifudifudi, wakamwinua, wakampiga. Mmoja alikuwa amekwisha kuleta shoka, na ninajua walikusudia nini, maana mwezi uliotangulia walishamfanyia mwingine.

Mcheki alikuja anakimbia na gobole la mlinzi wa kambi. Watu wakadhani anataka vita, mishale ikawekwa kwenye nyuta. Akaniambia kwa Kiingereza niwatafsirie jambo moja tu: wamtazame kijana usoni. Nikawaambia. Akazunguka nyuma ya mdogo wangu, akaelekeza gobole juu, akafyatua.

Uwanja mzima ulilala chini. Mkuu wa walinzi aliangusha mjeledi akajifunika kichwa, mbwa wakatokomea, mimi mwenyewe nilikuwa tumbo chini na mchanga mdomoni. Mdogo wangu alibaki amepiga magoti. Hata ukope haukucheza. Alikuwa ananitazama, ananishangaa nimelalia nini.

"Dada," akaniuliza, "kuna nini?"

Walimfungua. Hakuna aliyesema pole. Mkuu aliokota mjeledi wake, akamchapa mmoja wa mwisho, akasema huo ni wa kuwadanganya wazee. Ndiyo, hivyo hivyo. Mpaka leo nikikumbuka huo mmoja nasaga meno kuliko yote iliyoutangulia.

Tulimpeleka hospitali ya Kolandoto, mgongo ukapona. Lakini lile gobole kambi nzima ilikuwa imelisikia, na sababu yake. Mdogo wangu aliachishwa kazi angali kitandani, na Mcheki akarudishwa kwao kwa kumficha. Wakwe nao wakatuma mtu kusema binti bado mdogo. Mdogo wangu alinitazama siku hiyo, akasema bora ningemwacha amalizike pale uwanjani. Nilimjibu aache upuuzi, ale uji.

Alipopata nguvu alikwenda machimboni upande wa Geita, kwa wachimbaji wadogo, ambako hawakuulizi karatasi. Mwenye shimo alimuuliza tu kama ni mzima. Akasema mzima. Wakamwamini, maana alikuwa msemaji na mchapakazi.

Mvua zilipozidi, kuta za shimo zilianza kuachia. Waliokuwa juu walipiga kelele, na wenzake wote wakapanda wakatoka. Waliosimama mdomoni mwa shimo waliniambia kwamba mpaka ardhi ilipofunga, walikuwa bado wanasikia nyundo yake ikigonga.