Gemu ya Kwenda Popote

Juzi binti yangu alinionyesha kwenye simu tangazo la gemu inayosubiriwa, akishangilia kwamba safari hii mchezaji ataweza kuingia kila nyumba. Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, mtaani Mafiga, kwenye kibanda cha gemu kilichonukia maandazi na nyaya zilizopata moto. Kaka yangu Beno alikuwa ameingoja sana gemu mpya, akisema ina milima na mtu anakwenda popote. Bibi yetu wa kijijini Mlali, kwenye milima, tulikuwa tumemzika, lakini niliamini mle ndani ya gemu bado analima.

Ilipowashwa, nilimwambia, "Kaka, twende kwa bibi."

Hakucheka. Aliendesha pikipiki ya kwenye gemu hadi mlimani, akaisimamisha.

"Bibi yuko shamba," alisema taratibu. "Tumsubiri."

Tukakaa tukitazama nyasi zikiyumba, mpaka wenzetu wakadai zamu yao.