Vestina, Mtoto Aliyeokotwa Mgombani

Wanaosema huko Nyakasimbi kwamba ukoo wa marehemu mume wangu, Rwegoshora, ulitupa mtoto, hawajui wanalosema. Nilikuwapo, tena aliyeshika kalamu ni mimi.

Yustus, mdogo wa mume wangu, na mkewe Eustadia walizika watoto watatu, wote chini ya miaka mitano. Kila mmoja alianza kwa kuvimba vidole, kisha macho yakawa ya manjano. Novemba 1978, malori ya jeshi yakipita kwenda mpakani, akazaliwa wa nne, msichana. Wazee wakaagiza lifanyike linalofanywa kwa mama anayezika mfululizo: mtoto alazwe mgombani juu ya majani makavu, apite mtu baki amwokote, ili kifo kikija kisijue ni wa nani. Alipita Therese, Mrundi aliyekuwa kibarua kwenye kahawa yetu.

"Nimeokota wangu," alisema, kama alivyofundishwa. Akamwita Vestina.

Masharti yalikuwa mawili. Eustadia asimwite mwanangu kamwe, na mtoto asipite mlango wa mbele wa nyumba ile. Vestina akakua kwa Therese, mrefu, hana hata homa. Akitumwa kwa Eustadia alizunguka hadi mlango wa jikoni, akasimama nje bila hodi. Ukigeuka tu ulimkuta, ana uso wa wale watatu tuliowazika.

Kemirembe, wa tano wa Eustadia, alizaliwa 1984, naye akavimba vidole vilevile. Hakuna aliyemwambia habari za Vestina. Lakini mifupa ilipomuuma sana alisema, "Mwambieni aliye nyuma aingie." Tukienda kutazama, mara nyingine hapakuwa na mtu. Mara nyingine alikuwapo.

Mwaka 1993 daktari wa hospitali ya misheni alituita. Alisema ugonjwa ni selimundu, na kwamba hospitali moja ya Ubelgiji imekubali kumpokea mtoto mmoja kutoka kwetu, apandikizwe uboho wa mifupa ya ndugu yake, umtengenezee damu mpya. Wodini walikuwapo watoto kumi na wanne wa namna yake. Nafasi ni moja.

"Ana ndugu wa baba mmoja mama mmoja, aliye hai?"

Eustadia alitazama sakafu. "Hana."

"Mama, kama hana, nafasi inakwenda kwa mwingine."

"Nimesema hana, daktari."

Nikapewa fomu niijaze, maana mimi ni mwalimu. Nikaandika: Hana. Ningeandikaje, kwa mwandiko wangu, kwamba tunaye, na tulimlaza kwenye majani? Fomu ilitakiwa irudi Ijumaa.

Alhamisi mchana Kemirembe hakuweza tena kuinua shingo. Tulikuwa tumemzunguka tuliposikia hodi mlango wa mbele. Alikuwa Vestina, mguu mmoja kizingitini. Nyuma yake Therese, na jembe begani.

"Mwalimu," Therese aliniambia, "umesoma hadi Bukoba, unashindwa kuandika jina moja?"

"Shikamoo, mama mkubwa," Vestina alisema. Sijui alisikia wapi undugu wetu na habari za fomu. Labda pale jikoni. "Niandike."

Eustadia alipiga kelele. "Toka! Zunguka nyuma! Kifo kitakuona!"

"Kipo humu ndani tayari," alisema Vestina, akaingia, akakaa kitandani kwa Kemirembe.

Nikakata neno Hana, nikaandika: Vestina Yustus.

Damu zao zilipatana. Walikaa Ubelgiji miezi minane. Siku waliyorudi, tuliwapokea stendi ya Kayanga, na nyumbani Eustadia alikuwa ameacha mlango wa mbele wazi kabisa, ameufagia. Alimshika Vestina mkono. "Karibu, mwanangu," alisema mbele ya majirani wote. Vestina akaingia.

Kemirembe, amenenepa, macho meupe safi, alisimama uani. Tulimwita. Alizunguka nyumba taratibu, kwa kile kijia cha Vestina chini ya migomba, ambacho hakuwahi kukipita. Tulimkuta nje ya mlango wa jikoni, amesimama bila hodi.

"Pita, mwanangu," Eustadia alisema.

Alitutazama mmoja mmoja.

"Mnaniita mimi, au mwenye damu hii?"

Ni mzima hadi leo, na anafundisha Bugene. Mlango wa mbele hajaupita.