Treni ya Saa Tatu ya Kwenda Cordoba

Siku yangu ya kwanza kazini, mwaka 2008, nilipewa kiti kilichovunjika mgongo na kitabu cha ratiba za treni za Ulaya, kinene kama Biblia ya mchungaji wetu. Ofisi yetu ya safari ilikuwa Overport, hapa Durban. Nilikuwa nimeshavuka miaka hamsini, mkimbizi kutoka Bukavu, na walinichukua kwa sababu moja tu: Kifaransa changu. Meneja, mama mkali aliyekunywa chai akiwa amesimama, aliniambia nikimeze kitabu kile kabla ya mwezi kwisha. Nikakimeza.

Ninyi vijana mnaonunua tiketi kwa kidole hamjui utamu wa kazi ile. Kila safari tuliishona kwa mkono. Kulikuwa na pasi, yaani tiketi moja ya kupandia treni nyingi, lakini pasi haikupi kiti. Kiti lazima ukiwekeshe. Halafu kulikuwa na kile tulichokiita pumzi, muda wa kushuka treni moja na kuiwahi nyingine. Mteja mwenye magoti mabovu nilimpa pumzi ya saa nzima. Nilijua kuwa Paris huenda ukalazimika kuhama stesheni, na kwamba Venice ukitoka tu mlangoni unakutana na maji. Nilijivuna, sikatai.

Ila mimi mwenyewe sikuwahi kufika. Karatasi yangu ya ukimbizi ilinitosha kwenda kazini na kurudi Queensburgh nilikokaa, basi. Wateja walidhani nimezunguka kote. Nilimuuliza Meneja niwajibu nini.

"Wakikuuliza kama umefika, usiseme ndiyo, usiseme hapana," alisema. "Fungua ramani."

Nikawa nafungua ramani, na baada ya miaka miwili nikafanywa mkuu wa meza ya treni.

Ndipo akaja Mzee Issa wa Sydenham, pamoja na mkewe. Alizaliwa hapa hapa Durban, lakini wazee wake walitoka Afrika Mashariki, na Kiswahili chake alikipata kwa bibi yake. Alikuwa na presha ya macho. Daktari alishamwambia kuwa macho yake yamebakiwa na miezi tu. Alitaka kitu kimoja, kuziona nguzo za msikiti wa kale wa Cordoba, ambao siku hizi ni kanisa. Picha ya msikiti huo ilikuwa ukutani kwa baba yake tangu yeye ni mtoto. Aliniuliza ndani pakoje. Nikafungua ramani.

Nilimpangia treni ya saa tatu asubuhi kutoka Madrid, Jumapili ya mwisho ya Machi. Wangeshinda Cordoba, warudi jioni, na kesho yake wapande ndege ya nyumbani.

Jumapili hiyo nilikuwa kanisani Glenwood, simu ya ofisi iko mkobani. Ikalia. Nikatoka nje kwaya ikiimba.

"Mama Neema, treni imeondoka," Mzee alisema. "Saa yangu inasema bado dakika arobaini. Saa ya hapa stesheni inasema imeshapita."

Nilitazama yangu: saa tatu na dakika ishirini. Jana yake Madrid ilikuwa nyuma yetu kwa saa moja, leo tulikuwa sawasawa. Wenzetu wa Ulaya kila mwisho wa Machi husogeza saa zao mbele watu wakiwa wamelala. Durban hatugusi saa, na Bukavu hatukuwahi kuzigusa. Kitabuni iliandikwa kwa herufi ndogo, nami niliuruka mstari huo. Mtu aliyewahi kuishi kule hata mwaka mmoja asingesahau.

"Eish, Mzee. Kaa hapo hapo, usiende fasi yoyote," nilimwambia. "Iko ingine."

Ile nyingine yenye nafasi ilikuwa ya saa kumi jioni. Walifika mlangoni pa msikiti ikiwa imebaki nusu saa pafungwe. Mtu amesafiri kote huko ashinde anatazama, mimi nikampa nusu saa.

Meneja alitaka tuseme kosa ni la hoteli, haikuwaambia saa imesogezwa. Nilikataa. Waliporudi nilikwenda Sydenham mwenyewe.

"Mzee, kosa ni langu," nilisema. "Mimi Ulaya sijafika hata siku moja. Najua ramani tu."

Mkewe aliacha kumimina chai. Mzee akacheka kidogo.

"Nilijua. Aliyefika husimulia bila ramani. Sasa kaa, nikusimulie mimi."

Akanisimulia nguzo zile, matao yenye mistari myekundu na myeupe, na jinsi jua la jioni lilivyoingia kwa pembeni. Mkewe akawa anamsahihisha. Nililia pale pale, wakanipa kitambaa cha mezani.

Mwaka haukuisha, macho yake yakapofuka kabisa.

Nilistaafu 2015. Wateja walikuwa wameshahamia kwenye kompyuta zao, na Meneja akaniaga kwa kunipa kitabu kile kile cha ratiba, kurasa zimelegea. Karatasi yangu ni ile ile, na naikumbuka kazi ile kwa mapenzi na kwa uchungu. Kila Jumamosi napanda taxi hadi Sydenham kwa Mzee, kitabu mkobani. Nasoma stesheni moja baada ya nyingine; yeye ananiambia mabehewa yananukiaje na nje ya dirisha kunapita nini. Tumeshafika Roma, tumeshafika Vienna, ila mara nyingi tunarudi Cordoba, tushinde.

Kabla hatujaondoka, huniuliza neno moja.

"Mama Neema, saa umerekebisha?"

"Nimerekebisha, Mzee," namjibu. Tunapanda.