Hatua Ambayo Mashine Yangu Haikuitazama

Niliduwaa. Namba ile ilikuwa sufuri, nami nikaifuta skrini kwa upindo wa shati nikidhani ni uchafu. Ikabaki sufuri.

Nieleze. Mimi ni fundi wa kompyuta hapa Ukunda, na kwa miaka mingi nimekuwa nikiunda programu yangu ya kucheza sataranji. Si kazi, ni wazimu tu. Mchezo wenyewe nilifunzwa na dada yangu mkubwa, naye alijifunzia hotelini Diani alipokuwa akifanya kazi ya mapokezi. Miaka mitatu iliyopita klabu yetu ilifika fainali kule Kwale, na mchezo wa kuamua ukawa wake. Katikati ya mchezo alimtoa malkia wake aliwe bure. Ukumbi mzima uliguna. Baadaye muda ukambana, akakosea, akafungwa, na kombe likaenda kwa wengine.

Asubuhi yake niliuingiza mchezo ule katika programu yangu. Ikapendekeza hatua nyingine. Ya malkia haikuwemo hata kwenye orodha. Nikatangaza kwenye kundi letu la simu: malkia ndiye aliyetuponza, mashine imesema. Kila mtu akawa na lake la kuongeza. Dada akajitoa kundini, akampa mtu ubao wake, na tangu hapo hajashika kete. Nikaona amesusa tu, nikamwacha.

Mwezi uliopita niliunda programu ya pili, nipate kuzilinganisha. Ya kwanza hufuata kila hatua, na jibu lake, na jibu la jibu, mpaka kina fulani. Tawi, yaani mfululizo mmoja wa hatua, likionekana haliwezi kulipita lililokwisha kupatikana, hulikata lisiipotezee muda. Ya pili hujaribu, ikapima, ikarudi zaidi pale penye matumaini, lakini hata tawi baya hulipatia nafasi mara moja moja. Nilikuwa na hakika ya kwanza ingeshinda. Kwa jaribio nikachagua mchezo wa dada, maana jibu lake nilidhani nalijua.

Ya pili ilianza kwa kuidharau hatua ya malkia, kama sisi. Ikarudi. Ikarudi tena. Baada ya dakika chache ilikuwa haina habari na kitu kingine: mtoe malkia, unashinda. Nikaifungua ya kwanza nione iliitazama hatua ile mara ngapi kabla ya kuikataa. Ndipo nikaikuta ile sufuri.

Haikuikataa. Haikuitazama kabisa. Na sababu niliiandika kwa mkono wangu mwenyewe: ili programu iende mbio, nilikuwa nimeiwekea sheria kwamba hatua yoyote inayopoteza malkia bila kulipwa papo hapo itupwe kabla ya kuhesabiwa. Astaghfirullah! Nilimhukumu dada yangu kwa shahidi niliyemfunga macho mimi. Nilijitukana kwa sauti hadi mteja aliyeleta printa akarudi nyuma.

Nilifunga duka nikaenda Msambweni. Nilimkuta dada akimenya viazi nyuma ya kibanda chake kando ya barabara kuu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umesawijika hivyo? Kuna msiba?"

"Malkia ulimtoa sawa," nikasema. "Ulikuwa unashinda. Ulikosea baadaye tu."

Hakusimamisha kisu. "Ilikuwa farasi arudi nyuma kwanza, kisha mnara ushuke pembeni. Mimi nikaanza na mnara. Najua."

Hatua zile zile za mashine, kwa mpangilio ule ule, na hakuna ubao mbele yake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nilipoinuka kitini."

"Sasa mbona hukusema, dada?"

Hapo ndipo kisu kiliposimama. "Nilisema. Mle mle kundini, kabla sijatoka. Tazama."

Nilitoa simu, nikarudi nyuma ujumbe baada ya ujumbe hadi kidole kikaniuma. Ulikuwepo. Mrefu, hatua kwa hatua, kila jibu la mpinzani limeelezwa, na mwisho wake: "Mdogo wangu, hebu niangalizie hapa kama nimekosea." Chini yake nilikuwa nimeandika: "Dada, nishaiuliza mashine." Saa ya ujumbe wake na saa ya jibu langu zilikuwa sawa, mpaka dakika.

Nilikaa juu ya gunia la viazi, nikausoma kwa mara ya kwanza.