Kaboni Iliyopanda Mlima Kichwani

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya udongo mjini Moshi, Mkuu wa Maabara alinikabidhi chekeche, mizani na onyo. "Hapa hatubahatishi," alisema. "Ukikosea gramu moja umetudanganya wote." Nikaitikia, "Ndiyo, Mkuu." Nilikuwa fundi msaidizi, niliyepewa miezi sita ya kujaribiwa kabla ya kuthibitishwa, na kazi ile niliitaka kwa moyo wote.

Nyinyi vijana mna mashine zinazotoa majibu huku mkinywa chai. Sisi tulikausha udongo, tukauchekecha, tukaupima, kisha tukauchoma kwenye tanuru na kuupima tena. Kilichopungua ndicho kilichotokana na viumbe hai, na humo ndimo ilimokuwa kaboni. Mkuu alikuwa mkali, lakini kwa kueleza hakuwa na mfano. Mgomba, alituambia, huvuta hewa ukaa na kujijengea majani. Ng'ombe akila majani hayo, kaboni nyingine huitoa kwa pumzi, nyingine huiacha kwenye samadi. Vijidudu vya udongoni huimega samadi na kuirudisha kaboni hewani kidogo kidogo. Nilimpenda kwa hilo.

Katika mwezi wangu wa tano kazini alinituma Machame kuchukua sampuli kwenye kihamba cha Mama Ndeshi, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na miti ya kivuli. Nikajaza fomu: migomba, miti, ng'ombe wawili wa kufugwa zizini. Nikarudi, nikachoma, nikapima. Jibu likaja kubwa mno.

Mkuu akapiga hesabu ya majani yote yanayoweza kuota kwenye kihamba kile. Hayakufika hata karibu. "Umechota kwenye lundo la samadi," alisema. "Sampuli zinatupwa, na sioni nitakuthibitishaje kazini." Nilirudia kazi yote mara mbili, jibu likawa lile lile. Nilijua sijakosea. Nikamwomba jambo moja tu, twende wote Machame.

Hatukumkuta Mama Ndeshi nyumbani. Baada ya kitambo akatokea akipanda njia, mzigo wa mabua ya mahindi kichwani, mpana kuliko yeye.

"Shikamoo, mama," Mkuu alimwamkia. "Mabua hayo yametoka wapi?"

"Marahaba, baba. Shamba la chini, kule tambarare. Huku juu nyasi hazitoshi, ng'ombe watakula nini?"

"Unaleta kila mara?"

"Tangu nilipoolewa. Na mama mkwe wangu kabla yangu."

Nikajipiga kofi kwenye paji la uso. Mimi Mchaga, niliyekua nikishuka kukata majani na mama yangu, sikuwahi kuwaza kuliandika jambo hilo. Lilikuwa la kawaida mno. Fomu iliuliza kilichoota kihambani, haikuuliza kilichoingia.

Mkuu akatoa mizani ya kuning'iniza apime mzigo.

"Ubebe kwanza mpaka zizini, baba," Mama Ndeshi akamwambia. "Ndipo utajua uzito wake."

Na akaubeba. Alifika anahema, tai imezunguka hadi mgongoni, na Mama Ndeshi akacheka hadi akafuta machozi kwa ncha ya khanga. Nami nikacheka, kazi iwepo isiwepo.

Ofisini, Mkuu alichora mstari mpya kwenye fomu kwa kalamu yake: kaboni kutoka nje ya shamba. "Imeletwa na nini?" akaniuliza. "Maji? Upepo?"

"Akina mama, Mkuu."

"Andika hivyo hivyo." Kisha akavuta barua yangu ya kuthibitishwa kazini akaitia saini.

Nimestaafu nikiwa mkuu wa maabara hiyo hiyo, na mstari ule bado upo kwenye fomu. Nimepata vyeti vingi, lakini furaha yangu kubwa niliipata Jumapili iliyofuata, nilipomweleza mama yangu kwamba rutuba nyingi ya kihamba chetu ilipanda mlima juu ya kichwa chake. Alijishika shingo.

"Kumbe miaka yote hiyo," akasema, "na mimi nilikuwa kazini."