Taa za Nyuma za Gari la Baba

Asubuhi ya leo, hapa kwangu Brampton, huku ughaibuni, nimekuta gari limefunikwa theluji, hujui mbele wapi wala nyuma wapi. Nikafagia kioo, nikaliwasha, nikaliacha lipate joto. Hizi taa za siku hizi, ndugu yangu, zinawaka baridi. Za zamani angalau zilikuwa na joto lake, theluji ikayeyuka kidogo. Hizi unaweza kufika nazo kazini na barafu bado imezing'ang'ania. Ikabidi nizunguke nyuma nizifute kwa mkono, na hapo bibi yangu akanijia akilini. Nikasimama nalia barabarani, mtu mzima na akili zangu.

Nilipokuwa mdogo tulikuwa tunaishi mtaa wa Mount Dennis, si mbali na hapa, sehemu ya chini ya nyumba ya watu: mimi, baba, mama, na bibi mzaa baba, aliyeletwa kutoka Tanga na kanga zake. Baba alikuwa anapakia mizigo kwenye ghala moja huku huku Brampton, zamu ya alfajiri, kwa hiyo msimu wote wa baridi alikuwa anaondoka na giza.

Siku moja tulikuwa tunarudi harusini, bibi kaketi mbele, theluji ikaanza kumwagika. Mbele yetu kulikuwa na gari ambalo taa zake za nyuma zilikuwa zimezibwa kabisa. Baba hakuliona mpaka tulipokuwa karibu kulivaa. Akakanyaga breki, tukateleza hadi kando ya barabara, tukasimama. Hakuumia mtu. Lakini kuanzia siku ile bibi alikuwa anaamini kwamba mwanawe ndiye atakayefuata, kwamba atagongwa kwa nyuma na lori ambalo halitamwona, na usingizi wa alfajiri ukamwisha.

Alianza vibaya. Theluji ilipoanguka tena, alichemsha birika zima, akatoka na kandambili na soksi, akayamwaga maji ya moto moja kwa moja kwenye taa. Ikalia ta! Ikapasuka. Jirani wa juu, mzee wa Kigoa, asili yake Uhindini lakini kazaliwa Nairobi, akafungua dirisha. "Mama, hapana mwaga maji moto! Hii baridi napasua yote."

"Na wewe Kiswahili chako kimepasuliwa na baridi hiyo hiyo," bibi akamjibu, lakini alimsikiliza. Yule mzee akashuka na koti juu ya nguo za kulalia, akamwonyesha: kwanza brashi laini, halafu kitambaa, na kile chuma cha kukwangulia kioo usikiguse taa nacho, kinaichubua. Bibi akachana kanga kuukuu iliyolainika kwa kufuliwa, na hiyo ndiyo ikawa ya taa.

Basi, alfajiri zetu zikawa hivyo. Jikoni chai ya tangawizi inachemka, mama anachoma maandazi, harufu inapanda mpaka kwenye makoti yaliyotundikwa mlangoni. Nje bibi kajifunga kanga juu ya koti la kiume, anafuta taa za mbele, halafu za nyuma, halafu anarudia za nyuma, midomo inamchezacheza kwa dua. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma ya gari. Baba anakanyaga breki, mimi napaza sauti, "Zinawaka!" Hapo ndipo bibi anamwinamia dirishani. "Nenda, baba. Nataka wakuone tangu mbali." Baba alikuwa anacheka, anamwambia, "Mama, utaugua wewe kabla sijagongwa mimi."

Ulikuwa utani tu. Mwaka uliofuata kifua kilimkamata bibi kweli, si kwa sababu ya taa, daktari alisema, ni moyo wake uliokuwa umechoka. Tulipokwenda kumwona hospitali hakuuliza habari za dawa. Alimshika mama mkono, akamwuliza kama mwanawe kafutiwa taa. Mama akamwambia ndiyo, kafutiwa. Akafumba macho, ametulia.

Tulimzika huku huku, mbali na kwao. Siku ya baba kurudi kazini theluji ilikuwa imeanguka tena. Nikatoka kama kawaida, nikasimama mahali pangu. Nikasikia gari linaunguruma, nikajua kakanyaga breki, ananingoja niseme. Mbele yangu palikuwa peupe tu. Hakuna aliyekumbuka kufuta taa. Haikuwa kazi ya yeyote kati yetu.

"Baba," nikamwambia, "sioni kitu."

Akashuka. Akaanza kufuta kwa kiganja kitupu, taa ya kulia, taa ya kushoto. Zilikuwa zimeshatakata kitambo na bado anafuta, mabega yanamtikisika. Mama akatoka, akamshika mkono, akaupuliza upate joto. Sikuwahi kumwona baba akilia kabla ya hapo.

Baba naye sasa hayupo, wala mama. Ile nyumba imebomolewa, yule mzee wa Kigoa sijui aliishia wapi. Wanangu wananipenda, sina malalamiko. Nikiaga wananijibu kwa Kiingereza wakiwa ndani ya blanketi, na mimi naondoka. Zamani nilikuwa nadhani bibi ana woga wa kizee tu. Leo natoka getini kila alfajiri, naingia barabara kuu pamoja na malori yote yale, na mtu wa kukosa usingizi kwa ajili yangu sina tena.