Siku Tatu Kabla ya Jua

Kila Jumamosi katekista wa kigango chetu hapa Murusagamba alinawa mikono kwanza ndipo ashike Biblia, lakini utomvu wa migomba ulibaki mweusi kwenye vidole. Sauti yake ilikuwa ndogo. Akiuliza jambo, alingoja jibu hata tukaanza kukohoa. Siku moja Adventina, anayesoma kidato cha nne, alimwambia, "Mwalimu wa bayolojia anasema watu tumetokana na viumbe wa zamani sana. Nimwamini nani?"

"Biblia inasema jua liliumbwa siku ya nne," akasema katekista. "Hizo tatu za kwanza zilipimwa na nini? Mungu ametuumba, mwanangu. Kwa muda gani, sijui. Labda mamilioni ya miaka."

Mwenyekiti wa kigango alikuwa amesimama mlangoni. "Waambie watoto ni siku sita, la sivyo uache kufundisha."

"Mzee Rogasian, nitawaambiaje nisichokijua?"

"Basi nenda ukaifundishe migomba yako!"

Tukacheka. Katekista hakukasirika. Alimwomba Adventina aendelee kusoma pale tulipoishia, akasikiliza mpaka mwisho wa sura, akatoka. Jumamosi iliyofuata alikuja mwenyekiti kutufundisha, na hakuna aliyeuliza kitu.